Monica Wilson

Monica Wilson (jina la kuzaliwa: Monica Hunter, 3 Januari 1908 – 26 Oktoba 1982) alikuwa mwanaanthropolojia kutoka Afrika Kusini. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu Wanyakyusa wa Rungwe, katika Mkoa wa Mbeya wa leo nchini Tanzania, alioufanya pamoja na mume wake Godfrey Wilson katika miaka ya 1930. Vitabu vyake vinne kuhusu Wanyakyusa ni kati ya maelezo marefu zaidi yaliyowahi kuandikwa juu ya jamii moja ya Afrika Mashariki.

Katika maandishi yake yote alirudia swali moja: kazi ya watu inapobadilika, nini hutokea kwa malezi ya watoto, kwa heshima kati ya wazee na vijana, na kwa mambo ambayo jamii inayaona kuwa mema? Hakudai kutabiri mambo yajayo. Hata hivyo, yeye na mume wake waliamini kwamba mtafiti anayeelewa uhusiano kati ya kazi, elimu na maadili anaweza kuonyesha ni mpangilio gani wa jamii hauwezi kudumu.

Maisha ya awali na elimu

Monica Hunter alizaliwa Lovedale, karibu na mji wa Alice katika jimbo la Rasi ya Mashariki. Lovedale ilikuwa misheni ya Waskoti yenye shule maarufu iliyosomesha Waafrika wengi, na wazazi wake, David Hunter na Jessie McGregor, walikuwa wamisionari hapo. Alikulia kati ya watu waliosema Kixhosa, na alipata sehemu ya elimu yake ya awali Lovedale kwenyewe. Baadaye alisoma shule ya wasichana mjini Port Elizabeth.

Mwaka 1927 alienda Uingereza kusoma katika chuo cha Girton, Chuo Kikuu cha Cambridge. Alianza na historia, kisha akahamia anthropolojia. Mchanganyiko huo ulimfaa maisha yake yote. Wanaanthropolojia wengi wa wakati huo waliieleza jamii kana kwamba imesimama mahali pamoja, lakini yeye alitaka kujua ilikuwaje jana na inaelekea wapi.

Kati ya 1931 na 1932 alifanya utafiti kati ya Wampondo, tawi la wasemaji wa Kixhosa. Hakuishia vijijini. Aliwafuata watu hadi katika mitaa ya Waafrika mjini East London na katika mashamba ya Wazungu walikofanya kazi. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1934, na kitabu chake cha kwanza, Reaction to Conquest, kilichapishwa mwaka 1936. Kilikuwa kati ya vitabu vya kwanza vya anthropolojia kusini mwa Afrika vilivyomchukulia mfanyakazi wa mjini kuwa sehemu halali ya utafiti sawa na mkulima wa kijijini.

Ndoa na safari ya Tanganyika

Mwaka 1935 Monica aliolewa na Godfrey Wilson, Mwingereza aliyekuwa mwanafunzi wa Bronisław Malinowski jijini London. Baba yake Godfrey, John Dover Wilson, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa maandishi ya Shakespeare. Godfrey alikuwa ameshafika Rungwe mwaka 1934 kwa ufadhili wa Taasisi ya Kimataifa ya Afrika, na Monica alijiunga naye huko baada ya harusi. Waliendelea na utafiti hadi 1938.

Rungwe ilikuwa sehemu ya nyanda za juu za kusini za Tanganyika, eneo lililounganisha Iringa na Mbeya chini ya utawala wa Waingereza. Lilikuwa linabadilika haraka. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walikuwa wamefika Unyakyusa mwaka 1891 na kufungua vituo vya dini na shule. Dhahabu iligunduliwa katika eneo la mto Lupa, Chunya, mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 machimbo hayo yalivuta vibarua wengi. Kahawa ilianza kupandwa milimani. Kodi ya serikali ilidaiwa kwa fedha taslimu, hivyo kila mwanamume alihitaji njia ya kupata shilingi.

Wakati huohuo, katika Wilaya ya Iringa, mwanaanthropolojia Gordon Brown na afisa wa serikali Bruce Hutt walifanya jaribio kati ya Wahehe ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1935. Afisa aliuliza maswali yaliyotokana na kazi yake ya utawala, na mtafiti alitafuta majibu kwa wananchi. Lengo lilikuwa kupima kama elimu ya jamii inaweza kuusaidia utawala. Suala hilo liliwahusu pia akina Wilson. Mwaka 1940 Godfrey alichapisha makala iliyoeleza anthropolojia kuwa huduma kwa umma: mtafiti aoneshe ukweli na matokeo ya kila njia, lakini uchaguzi wa njia ubaki kwa wenye mamlaka na wananchi.

Wanandoa hao walijifunza Kinyakyusa na kugawana kazi. Godfrey alikaa zaidi na machifu na wazee wa kiume, na Monica alizungumza zaidi na wanawake na Wakristo. Walitegemea sana wasaidizi wenyeji, hasa karani Leonard Mwaisumo (1910–1938), aliyetafsiri, kuandika na kuwafafanulia mambo mengi. Mchango wa wasaidizi kama yeye haukupewa uzito wa kutosha kwa miaka mingi, na umeanza kuchunguzwa na wanahistoria katika karne ya 21.

Vijiji vya rika

Jambo lililowafanya Wanyakyusa wajulikane duniani kupitia maandishi ya akina Wilson ni vijiji vya rika. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki watu wa rika moja hushirikiana katika jando, vita au kazi. Kwa Wanyakyusa, kwa mujibu wa Monica Wilson, watu wa rika moja waliishi pamoja katika kijiji chao wenyewe.

Mvulana alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake akiwa na umri wa miaka sita hivi, pamoja na wavulana wengine wa jirani. Alipofikia miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kuchunga na kuanza kulima shamba la baba yake. Wakati huo alihama nyumba ya wazazi na kwenda kulala katika vibanda ambavyo wavulana wa umri wake walijijengea pembeni mwa kijiji cha baba zao. Aliendelea kula chakula cha mama yake, lakini hakwenda peke yake. Wavulana walizunguka kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Baada ya miaka kadhaa kijiji chao kilifungwa kwa wageni, na wadogo zao wakaanzisha kingine. Vijana walipooa, wake zao walihamia katika kijiji hichohicho.

Mara moja katika kila kizazi, takriban kila baada ya miaka thelathini na kitu, ilifanyika sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka. Wazee walikabidhi utawala kwa kizazi cha wana wao, wakuu wapya wa vijiji, yaani amafumu, walichaguliwa, na ardhi iligawiwa upya. Wazee waliokabidhi madaraka walibaki na kazi za ibada.

Monica Wilson alikieleza kijiji cha rika kuwa pia ni shule. Hapakuwa na darasa wala mwalimu, lakini kijana alijifunza kusema mbele za wenzake, kugawana chakula, kuvumilia na kupokea wageni. Tunu kuu ya maisha hayo iliitwa ukwangala, yaani furaha ya kuwa pamoja na wenzako, pamoja na hekima na adabu inayopatikana katika mazungumzo ya marafiki. Jina la kitabu chake cha 1951, Good Company, linatokana na wazo hilo. Mtu aliyekula peke yake au aliyejitenga alionekana mwenye kasoro. Iliaminika kwamba manung'uniko ya majirani waliodhulumiwa, ambayo yalielezwa kuwa kama pumzi yao, yangeweza kumletea mkosaji ugonjwa.

Hata hivyo hakuyachora maisha hayo kuwa ya amani tupu. Alionyesha kwamba mpango huo uliwapa wazee nguvu kubwa. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa baba, kwa hiyo kijana alilazimika kulima shamba la baba yake kwa miaka mingi akisubiri kuozeshwa. Wazee waliweza kuoa wake wengi, na vijana walichelewa kuoa. Wasichana waliposwa wakiwa bado wadogo. Desturi ya mke kutoonana kabisa na baba mkwe wake ilikuwa sababu mojawapo iliyotolewa ya vizazi kukaa mbalimbali.

Kazi ya mshahara, shule na Ukristo

Akina Wilson walifika wakati ambapo nguzo za mpango huo zilikuwa zimeanza kutikisika, na Monica aliandika kwa makini jinsi mabadiliko katika jambo moja yalivyosukuma mengine.

Badiliko la kwanza lilikuwa kazi. Kijana aliyekwenda Lupa au katika migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini alirudi na fedha zake mwenyewe. Aliweza kununua ng'ombe wa mahari bila kumngoja baba yake. Jembe la kijana halikuwa tena malipo pekee ya mke, na amri ya mzee ilipungua nguvu bila mtu yeyote kuipinga waziwazi.

La pili lilikuwa shule. Katika mpango wa zamani aliyezeeka ndiye aliyejua zaidi. Shule ya misheni ilimpa kijana ujuzi ambao baba yake hakuwa nao: kusoma, kuandika na kuhesabu. Karani, mwalimu na mwinjilisti walipata heshima iliyotokana na kitu kingine kisichokuwa umri. Watoto waliokaa darasani hawakuweza kuchunga ng'ombe kwa muda uleule, hivyo hata mgawanyo wa kazi ndani ya familia ulibadilika.

La tatu lilikuwa dini. Wakristo wengi walijenga karibu na kanisa na shule, na huko wazazi na watoto wakubwa, wazee na vijana, waliishi kijiji kimoja. Kanisa lilikataa ndoa ya wake wengi. Kwa baadhi ya wanawake lilikuwa mahali pa kupata sauti na kimbilio. Kwa upande mwingine, Wakristo walichukua pia tunu za zamani. Ukarimu na kula pamoja viliendelea, ila mipaka ya nani ni mwenzako ilipanuka.

Maelezo ya ibada za Wanyakyusa, zikiwemo ibada za mazishi na ndoa pamoja na heshima kwa Lwembe katika msitu mtakatifu wa Lubaga, yalichapishwa baadaye katika vitabu viwili: Rituals of Kinship among the Nyakyusa (1957) na Communal Rituals of the Nyakyusa (1959).

Rodesia ya Kaskazini na nadharia ya mabadiliko

Mwaka 1938 Godfrey Wilson aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone mjini Livingstone, katika Zambia ya leo. Familia ilihamia huko, na mtoto wao wa kwanza, Francis, alizaliwa mwaka 1939. Godfrey alianza kuchunguza maisha ya wafanyakazi wa mgodi wa Broken Hill, mji unaoitwa leo Kabwe. Alionyesha kwamba kampuni zilichukua wanaume bila familia zao na kuwalipa ujira wa mtu mmoja, huku vijiji walivyotoka vikipungukiwa na nguvu kazi. Alisema wafanyakazi walikuwa tayari wanakuwa watu wa mjini kwa kudumu, ingawa sheria na mishahara iliwachukulia kama wageni wa muda.

Matokeo hayo hayakuwafurahisha wenye migodi, na Godfrey alizuiwa kuendelea na utafiti wake. Isitoshe, alikuwa mtu wa kukataa vita katika wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alijiuzulu mwaka 1941, kisha akajiunga na kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Kusini. Aliugua sonona, na mwezi Mei 1944 alijiua. Monica aliachwa na watoto wawili wadogo, Francis na Timothy, na rundo la madaftari ya utafiti ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa bado haijachapishwa.

Alikamilisha kitabu walichokuwa wamekianza pamoja, na kikatoka mwaka 1945 kwa jina la The Analysis of Social Change. Wazo lake kuu ni upana wa jamii. Katika jamii finyu mtu huhusiana na watu wachache, lakini kwa karibu sana. Katika jamii pana mtu hutegemea watu wengi asiowajua: mchimbaji wa Broken Hill alihusiana na mnunuzi wa madini aliye mbali. Kadiri jamii inavyopanuka, kazi hugawanyika katika fani mbalimbali, elimu huhitaji maandishi, na mtu hupata nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mwenendo wake.

Kwa maoni yao, taabu haikutokana na upana wenyewe. Ilitokana na upana usiolingana. Waafrika walikuwa wameingizwa katika uchumi wa dunia nzima, lakini sheria na siasa ziliwafungia nje kwa sababu ya rangi. Tofauti kama hiyo, walisema, huleta msukosuko na hatimaye hulazimisha mabadiliko. Waliweza hivyo kusema ni hali gani haiwezi kudumu, bila kutaja siku wala namna itakavyoanguka.

Ualimu nchini Afrika Kusini

Monica Wilson alifundisha katika chuo cha Fort Hare, karibu na Lovedale, kuanzia 1944 hadi 1946. Fort Hare kilikuwa chuo ambako Waafrika wengi walipata elimu ya juu. Mwaka 1947 alikuwa profesa katika Chuo cha Rhodes mjini Grahamstown, na kuanzia 1952 hadi alipostaafu mwaka 1973 alikuwa profesa wa anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Cape Town.

Miaka hiyo ilikuwa ya apartheid, iliyoanza kuwa sera rasmi baada ya uchaguzi wa 1948. Serikali ilidai kwamba kila kabila la Waafrika lina utamaduni wake usiobadilika na linapaswa kukaa katika eneo lake. Utafiti wa Wilson ulipinga dai hilo moja kwa moja. Ulionyesha kwamba desturi hubadilika daima, na kwamba mfumo wa kuwatenga wanaume wafanyakazi na familia zao ndio ulioharibu malezi. Tangu Reaction to Conquest, hakukubali kwamba mjini si mahali pa Mwafrika.

Mwaka 1963 alichapisha, pamoja na mwanafunzi wake Archie Mafeje, kitabu kuhusu mtaa wa Langa jijini Cape Town. Mafeje ndiye aliyefanya utafiti mtaani humo, kwa kuwa chini ya sheria za wakati huo ilikuwa vigumu kwa mtafiti Mzungu kuishi na kuzunguka huko. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua Mafeje kuwa mhadhiri mwandamizi katika idara ya Wilson, kisha kikafuta uteuzi huo baada ya kushinikizwa na serikali. Wanafunzi mamia kadhaa walikalia jengo la utawala kwa siku tisa wakipinga. Wilson aliunga mkono uteuzi wa Mafeje na kupinga kufutwa kwake, lakini uamuzi haukubadilishwa. Mafeje aliondoka nchini, na kuanzia 1969 hadi 1971 aliongoza idara ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Pamoja na mwanahistoria Leonard Thompson, Wilson alihariri Historia ya Afrika Kusini ya Oxford iliyotoka katika majuzuu mawili, 1969 na 1971. Kazi hiyo ilianza na historia ya Waafrika wenyewe, siyo na kufika kwa Wazungu, jambo lililokuwa la kisiasa katika nchi hiyo. Sura moja ya juzuu la pili, kuhusu harakati za ukombozi wa Waafrika, iliachwa kurasa tupu katika toleo la Afrika Kusini kwa kuogopa sheria za udhibiti.

Kurudi Rungwe

Mwaka 1955 Monica Wilson alirudi Rungwe na kukuta mengi yamesonga mbele. Milimani kahawa ilikuwa zao muhimu, na katika nchi tambarare ya Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, mpunga uliuzwa kwa fedha. Watu walikuwa wameongezeka. Wakati huohuo Philip Gulliver, mtafiti aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, alichunguza ardhi na kazi za ugenini za Wanyakyusa. Wanaume wengi walikwenda katika migodi ya Rodesia ya Kaskazini na hata Afrika Kusini, wengine kupitia shirika la kuajiri lililojulikana sana kwa jina la Wenela.

Uhusiano kati ya kahawa na vijiji vya rika ulikuwa wazi. Mbuni hudumu miaka mingi, na aliyeupanda hataki kuhama ili ardhi igawiwe upya kwa kizazi kingine. Anataka kumrithisha mwanawe. Ardhi ikiwa haba, vijana hawana tena mahali pa kuanzishia kijiji chao. Kwa njia hiyo vijiji vya rika vilififia bila kupigwa marufuku na serikali wala kuhukumiwa na mtu. Zao la biashara na uhaba wa ardhi vilifanya kazi hiyo.

Aliyakusanya mawazo yake ya mwisho katika kitabu For Men and Elders, kilichotoka mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka 69. Kinafuatilia uhusiano wa vizazi, na wa wanaume na wanawake, kati ya Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde wa Malawi tangu 1875 hadi 1971. Kinaeleza jinsi uwezo ulivyohama kutoka kwa wazee kwenda kwa watu wenye elimu na mshahara, jinsi vijana walivyopata uhuru wa kuchagua wenzi, na jinsi wanawake walivyopata nafasi mpya huku wakibeba mzigo mkubwa zaidi wa kilimo wanaume walipokuwa ugenini. Alionyesha kwamba faida na hasara vilikuja pamoja.

Kitabu hicho kinaweza kusomwa sambamba na mjadala uliokuwa ukiendelea Tanzania wakati huo. Mwaka 1967 Julius Nyerere alitoa andiko lake Elimu ya Kujitegemea, ambamo alikumbusha kwamba Waafrika wa zamani walielimishwa kwa kuishi na kutenda, na akaonya kuhusu shule inayomfanya kijana aidharau kazi ya shamba. Kijiji cha rika kilikuwa mfano halisi wa elimu ya namna hiyo. Kwa upande mwingine, maelezo ya Wilson yanaonyesha pia ugumu uliopo: elimu hiyo ilitegemea ardhi ya kutosha, ng'ombe mikononi mwa wazee na kazi ya pamoja, na masharti hayo yalipoondoka, elimu yenyewe haikubaki.

Mjadala kuhusu kazi zake

Watafiti waliomfuata walihoji baadhi ya maelezo yake. Simon Charsley, katika kitabu cha 1969, alipitia upya ushahidi kuhusu machifu na vijiji vya Wanyakyusa. Wengine walisema Wilson alikipa kijiji cha rika uzito mkubwa kuliko kilivyostahili, na kuupunguza ule wa ukoo na urithi. Wanahistoria waliongeza kwamba hali aliyoikuta katika miaka ya 1930 ilikuwa tayari imeathiriwa na utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, kwa hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa picha ya zamani isiyoguswa.

Ukosoaji mzito zaidi ulihusu taaluma yenyewe. Mwaka 1971 Archie Mafeje alichapisha makala iliyolaumu wanaanthropolojia kwa kuieleza Afrika kwa kipimo cha kabila, na baadaye aliandika mengi kuhusu uhusiano wa anthropolojia na ukoloni. Lawama hiyo inazigusa pia kazi za mwalimu wake, ambazo zilifadhiliwa na kuruhusiwa ndani ya mfumo wa kikoloni, ingawa mara nyingi zilipingana na matakwa ya wenye nguvu.

Nadharia ya upana wa jamii nayo imepimwa na wakati. Apartheid ilikwisha na uchaguzi wa 1994, miaka 12 baada ya kifo chake, kwa namna iliyolingana na hoja kwamba uchumi mpana hauwezi kudumu na siasa finyu. Lakini matarajio kwamba safari ya kutoka kijijini kwenda mjini ni ya njia moja yalipata pigo nchini Zambia. James Ferguson, katika kitabu cha 1999, alionyesha kwamba baada ya bei ya shaba kuanguka kuanzia katikati ya miaka ya 1970, wafanyakazi wengi waliodhani ni watu wa mjini milele walilazimika kufikiria upya kurudi vijijini.

Miaka ya mwisho na urithi

Baada ya kustaafu Monica Wilson aliishi Hogsback, katika milima isiyo mbali na Lovedale alikozaliwa. Aliendelea kuandika hadi alipofariki tarehe 26 Oktoba 1982. Alikuwa amepewa Nishani ya Rivers ya Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia ya Uingereza mwaka 1952, na vyuo vikuu kadhaa vilimtunuku shahada za heshima. Karatasi zake na za Godfrey zilikabidhiwa kwa Chuo Kikuu cha Cape Town.

Mwanawe Francis Wilson (1939–2022) alikuwa mwanauchumi. Katika kitabu chake cha 1972 kuhusu migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini alionyesha kwamba thamani halisi ya ujira wa wachimbaji Waafrika mwaka 1969 haikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa mwaka 1911. Migodi hiyo ni ileile iliyowachukua vijana kutoka Rungwe ambao wazazi wake waliwafahamu.

Mkoani Mbeya kazi za Monica Wilson bado hutumiwa na wanafunzi wa historia na utamaduni wa Wanyakyusa. Vijiji vya rika havipo tena. Maelezo yake yamehifadhi kumbukumbu ya jinsi vilivyofanya kazi, pamoja na mfululizo wa sababu zilizoviondoa: kodi, mshahara, shule, kanisa, mbuni na uhaba wa ardhi.